Anko wa kikundi cha mbio

Watu wangu wa Jumamosi wana miaka ishirini na kitu. Mimi nina 47. Tunakutana alfajiri Oysterbay, tunakimbia mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi, wote hoi, mimi zaidi. Nikikaa na warika wangu siku hizi ni presha, ada na vikao vya harusi za watoto. Hawa stori zao ni kodi ya chumba, mikopo ya kwenye simu na nani kaachwa na nani. Wananiamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu dakika hiyohiyo wananicheka.

Juzi tumekaa Coco Beach tunakula mihogo, mmoja akanipa simu nisome meseji ya mpenzi wake. Nikaisogeza mbali, mbali zaidi, mkono ukaisha. "Anko, nikushikie nikasimame kule barabarani?" Muuza mihogo mwenyewe aliacha kukamua ndimu akacheka.

Ukishapita arobaini lenzi ya jicho inakakamaa, vitu vya karibu vinaanza kukukimbia, na hakuna mazoezi yanayozuia hilo. Peke yangu ningeahirisha mwaka mwingine. Wao walinipeleka kupima, wakanichagulia na fremu. Zote nilizozipenda walizikataa, eti nafanana na mwenyekiti wa mtaa. Kusema kweli, raha yao ni hiyo: hawanionei huruma.

Ile meseji? Nimeisoma kwa miwani mpya. Nikamwambia dogo, huyu binti hakutaki. Hadi leo anabisha.