Swali la nahodha

Juzi sahibu yangu wa Shela, kisiwani Lamu, alinitumia ujumbe wa sauti, habari za mashine ya boti anayoiuza. Bei sikuisikia. Nilisikia ile mikwaruzo tu. Nikamwandikia: umepwelewa na sauti tangu lini? Akajibu, ah, tangu Maulidi, ni kelele za ngoma na vumbi la punda. Maulidi yenyewe yalishapita kitambo. Nikampigia usiku ule ule, nikamsumbua hadi akaapa atakwenda kupimwa. Sauti ikikwaruza kupita wiki tatu, mtu hangoji tena. Kwa Mjomba wangu, nahodha wa mashua, kumbe ilikuwa kansa ya koo, na walingoja msimu mzima wa pepo za kusi, zikaingia za matlai.

Na nani angeshangaa? Nahodha kutwa anapigia mabaharia kelele, na sigara haimtoki mdomoni. Mashindano ya mashua ya mwaka ule walimfuata mkono, sauti haikufika hata kwenye mlingoti, wakaifanya mzaha. Tangawizi, asali, habasoda, vidonge vya duka la dawa. Kisha sikio moja likaanza kumuuma, akatiwa matone. Sikio lilikuwa zima. Neva za koo na za sikio zina undugu, kidonda kinakaa huku, maumivu yanabisha hodi kule. Alipoanza kupaliwa na kila funda la chai, na pumzi kupiga mluzi akipanda ngazi za nyumba, mkaza mjomba alifunga mizigo bila kumuuliza. Mashua hadi Mokowe upande wa bara, basi nyuma ya msafara wa polisi, Mombasa. Wakampitisha kamera puani, wakanyofoa kinyama cha kupima.

Siku ya majibu ndiyo ninayoikumbuka yote, hadi feni iliyokuwa ikilia juu ya vichwa vyetu. Daktari alikuwa kijana, mtu wa bara, mwenye adabu. Aliwasha ile video ya koo. Nyuzi mbili za sauti, na sauti ya Mjomba ikisema "iii" kama alivyoamriwa. Uzi wa kushoto ukaja katikati, ukarudi. Wa kulia haukutikisika. Umevimba, una kinyama chenye vifundovifundo. Mjomba akaomba aoneshwe tena. Akainama karibu na kioo.

"Henza imekwama kwenye kapi," akasema.

Daktari akanitazama. Nikamweleza kuwa ni kamba ya kupandishia tanga. "Hasa, Mzee," akasema, akachukua karatasi na kuanza kuchora.

Kansa ikiwa juu ya uzi na uzi bado unacheza, hiyo ni hatua ya kwanza, na mara nyingi mionzi peke yake au upasuaji mdogo humaliza kazi. Uzi ukikwama ni ya tatu. Ikitoboa gegedu, ule mfupa laini, ikatoka nje ya kisanduku cha sauti ni ya nne. Njiani huweza kushukia tezi za shingo, kisha ikachukuliwa na damu, na inakopenda kwenda ni mapafuni. Ya kwenye nyuzi ina ustaarabu wake, alisema, inajitangaza mapema kwa sauti. Ile inayoota nyuma zaidi ya koo hukaa kimya mpaka mtu apapase shingo akute uvimbe. Akaandika 3 pembeni ya mchoro, akaizungushia duara.

Njia zilikuwa mbili. Kutoa kisanduku chote, Mjomba apumue kwa tundu shingoni maisha yake yote. Au Nairobi, mionzi pamoja na dawa za kansa, wiki kama saba, kisanduku kibaki. Kansa ikirudi hapo hapo ndipo kitolewe. Kijana alijitahidi kutuliza: bila kisanduku mtu bado husema, kuna kifaa cha kubana shingoni, wengine hujifunza kusema kwa hewa ya umio, njia ya chakula. Alidhani sauti ndiyo inayomuumiza mzee. Mjomba alikuwa akitazama mchoro, kidole kimetua penye lile tundu.

"Na nikianguka baharini?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Maji yataingia mapafuni moja kwa moja, Mzee. Hata kuoga itabidi ukinge."

"Nikiwa na maji ya kifuani?"

"Ya kifuani sawa. Wimbi likija?"

Mjomba akacheka, mabega tu yakitikisika. Mkaza mjomba hakucheka. "Bahari ina nini tena kwako?" akamuuliza mbele ya daktari. "Una watoto wa kiume watatu, wote wanajua kushika usukani."

"Wanajua," akasema Mjomba. "Nipelekeni Nairobi."

Yaliyofuata nayapita haraka. Shingo iliungua ikawa nyeusi, mate yakakauka, akaishi kwa uji. Sauti ikarudi nusu. Kaskazi ilipovuma alikuwa nyuma ya mashua, ameketi penye usukani, na hata ile iliyofuata. Kisha tezi chini ya taya, kisha picha ya kifua, na mapafuni hapakuwa na cha kukata. Nilimuuliza daktari yule yule ingekuwaje kama tungekubali kisu siku ile. Alisema huenda mbegu zilishafika mapafuni hata kabla hatujapanda basi, huenda hazikuwa zimefika. Kwa hatua ile njia zote mbili ni za haki.

Mkaza mjomba mpaka leo anasema angekatwa, angekuwepo, angekaa barazani na kifaa chake shingoni akiwagombeza wajukuu. Mabaharia wake wanasema mtu asiyeweza kuanguka baharini si nahodha, na kaskazi mbili si haba. Nikiwa kwa mkaza mjomba namkubalia yeye. Nikiwa forodhani nawakubalia wao.