Barafu Inayokwenda Mrama

Chukua uwanja wa kuteleza kwenye barafu ulio ndani ya meli ya kitalii, wenye upana wa mita 12. Meli ikilala ubavu digrii moja tu, pembe ambayo mtu aliyekaa mgahawani na kikombe chake cha chai wala haitambui, ukingo mmoja wa uwanja unashuka chini ya mwenzake kwa sentimita 21. Kwa aliyevaa raba hilo si jambo. Kwa aliyesimama juu ya bapa mbili za chuma za viatu vya kutelezea, hapo pana mteremko. Msuguano wa chuma na barafu ni mdogo mno, kiasi kwamba theluthi moja ya digrii inatosha kumwondoa mtu pale aliposimama bila yeye kuinua mguu.

Kwa hiyo ukisikia kwamba kuteleza melini ni sawa na uwanja wowote mwingine ila ni padogo, usikubali haraka. Udogo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba barafu yenyewe haitulii.

Kwanza, meli zenyewe. Si kila meli ya kitalii ina barafu. Ya kwanza ilikuwa Voyager of the Seas ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyojengwa Turku, Finland, na kuanza safari mwaka 1999. Ukumbi wake unaitwa Studio B, na jina hilo likaendelea kwa dada zake, kisha kwa meli za kundi la Freedom kuanzia 2006 na za kundi la Oasis kuanzia 2009. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria 2024, ina ukumbi mkubwa zaidi uitwao Absolute Zero. Wengi hukosea wanapokata tiketi za kundi la Quantum wakidhani ni kampuni ileile kwa hiyo barafu ipo. Haipo. Huko utapewa viatu vya magurudumu. Angalia jina la meli, usiangalie jina la kampuni.

Uwanja wa Studio B ni wa takriban mita 18 kwa 12. Ule wa Olimpiki ni mita 60 kwa 30. Mtu anayekwenda kasi ya wastani humaliza urefu wote wa ukumbi wa melini kwa sekunde tatu au nne, halafu ukingo uko usoni. Hapa kukata kona ni muhimu kuliko mbio, na kusimama ni muhimu kuliko vyote viwili.

Chini ya barafu kuna mabomba yanayozungusha maji yaliyochanganywa na glikoli, ambayo hubaki kimiminika hata chini ya sifuri. Juu yake barafu hujengwa kwa tabaka nyembamba, moja igande ndipo nyingine imwagwe, hadi ifike unene wa sentimita tatu hivi. Ukimwaga maji mengi kwa pamoja hayagandi sawasawa, na meli ikiinama hukimbilia upande mmoja. Wacheza maonyesho hupenda barafu ya nyuzi joto kama 3 au 4 chini ya sifuri, kwa sababu ni laini kidogo na ubapa huingia vizuri. Ya baridi zaidi ni ngumu na ya kasi, lakini humeguka vipande mtu anaporuka.

Adui wa barafu hiyo ni mvuke kuliko hata joto. Fikiria meli iko Karibi, nje ni nyuzi 30, hewa nzito kama ya Mombasa mwezi wa Machi. Mlango wa ukumbi ukiachwa wazi, hewa ile huingia, ikagusa barafu na kutoa umande. Umande ukiganda, juu panakuwa pabichi na pakavu kwa zamu, na ubapa unashika hapa na kuachia pale. Ukiona ukungu mwembamba umelala juu ya uwanja, jua mitambo ya kukausha hewa inazidiwa. Subiri kipindi kinachofuata, au teleza taratibu. Na usishangae ukikuta pale palipokuwa na barafu asubuhi watu wanacheza dansi usiku: kuna sakafu inayotelezeshwa ikaifunika, na barafu hubaki chini yake ikiwa imeganda vilevile.

Kuhusu mavazi, suruali ndefu na soksi ni sharti. Watu hufika na kaptura zao za kuogelea wakarudishwa mlangoni, na foleni haiwasubiri. Anayevaa buibui au khanga avae suruali ndani kisha apandishe pindo hadi kwenye muundi, maana ubapa ukikanyaga nguo hakuna namna ya kujiokoa. Soksi ziwe ndefu kupita shingo ya kiatu, jozi moja tu, nyembamba. Soksi mbili haziongezi joto, zinauachia mguu nafasi ya kucheza ndani, na hapo ndipo malengelenge huanzia. Glavu chukua, hata za sufu za bei ndogo. Viatu na kofia ngumu hutolewa bila malipo, ila utasaini kwanza karatasi ya kukubali hatari, na kwa watoto husaini mzazi. Nafasi za kila kipindi ni chache, kwa hiyo ratiba itazame siku ileile unayopanda meli.

Sasa viatu. Hapa ndipo wengi hushindwa kabla hawajagusa barafu, halafu wakasema vifundo vyao ni dhaifu.

Namba za melini mara nyingi ni za Kimarekani, hazilingani na 40 au 42 yako. Mwambie anayegawa viatu namba yako ya kawaida, akubadilishie. Ingiza mguu, piga kisigino chini mara mbili ili kikae nyuma kabisa, kisha simama na kunja magoti. Vidole viguse mbele kidogo ukiwa wima na kuachia ukikunja. Kisigino kikiinuka ndani ya kiatu, rudisha, omba kidogo zaidi, nusu namba au moja. Usione haya kubadilisha mara tatu.

Kamba zina sehemu tatu na kila moja ina mkazo wake. Kwenye vidole ziache zilegee kiasi cha damu kupita. Kuanzia katikati ya mguu hadi kwenye kifundo, vuta kweli, tundu moja baada ya jingine, kwa sababu hapo ndipo kiatu hushikana na mfupa. Juu ya kifundo legeza kidogo, kidole kimoja kiweze kupenya kati ya ngozi ya kiatu na muundi. Mgeni hufanya kinyume: hukaza juu kama anayefunga gunia, kifundo kikabaki wazi, na baada ya dakika tano miguu inalalia ndani kama ya ndama aliyezaliwa leo. Kamba inayobaki ichomeke, usiizungushe nyuma ya kiatu.

Ubapa wenyewe pindua uutazame. Kwa chini si bapa kama jina linavyodai: katikati kuna mfereji mwembamba unaoacha kingo mbili, ya ndani na ya nje. Kingo hizo ndizo zinazoshika barafu. Pitisha kucha kwa wepesi kukatiza ukingo. Ukikwangua unga wa kucha, ni mkali. Ukiteleza bila kuacha kitu, omba kiatu kingine. Mbele kuna meno. Hayo ni ya wanaoruka na kuzunguka, si breki, na mgeni akiinamia vidole vyake humtupa kifudifudi.

Ukishaingia, usitembee bado. Simama karibu na ukingo wa uwanja, visigino vikaribiane, vidole vitazame nje. Kunja magoti hadi usiione ncha ya kiatu chako ukitazama chini, kisha usitazame chini tena. Mikono iwe mbele, chini ya kifua, kama umebeba sinia la chai. Piga hatua ndogo za papo hapo kumi, halafu hatua tatu mbele, acha miguu yote miwili iteleze yenyewe. Kusukuma kunatoka kwenye ukingo wa ndani wa ubapa, kwenda pembeni. Ukisukuma kwenda nyuma kama anayekimbia, meno yatachimba barafu.

Kusimama: fungua miguu upana wa mabega, sukuma kisigino kimoja nje taratibu, ubapa ukiwa karibu wima, hadi usikie sauti ya kukwangua na uone unga mweupe mbele yake. Usiposikia mkwaruzo, husimami. Fanya hili mara ishirini kabla ya kujaribu lingine lolote.

Turudi kwenye mrama, yaani kuyumba kwa meli. Ubapa una tabia moja ya kukumbuka: huteleza kwa urefu wake tu, kwa upana wake hushika. Meli nayo huyumba zaidi kwa ubavu kuliko kwa omo (mbele) na tezi (nyuma). Ukiweka hayo mawili pamoja utaona la kufanya: uliposimama kupumzika, elekeza viatu omo au tezi. Meli ikilala kulia au kushoto, kingo za bapa zitakushika kama mtu aliyesimama kwenye ngazi. Ukisimama umeelekea ubavuni, utaondoka. Meli kubwa ikiyumba digrii moja na kuchukua sekunde ishirini kwenda na kurudi, unaweza kusogezwa mita moja au zaidi, kisha ukarudishwa, hujafanya kosa lolote. Muulize mhudumu omo iko wapi kabla hujaingia. Swali hilo halina ushamba.

Unapozunguka, kuna vipande viwili katika kila duru ambapo unakatiza toka ubavu hadi ubavu. Hapo ndipo kasi hubadilika yenyewe, mara unavutwa, mara unazuiwa kama aliyeingia kwenye mchanga. Usipambane. Kunja magoti zaidi, panua miguu, acha yapite. Kukumbatia ukingo wa uwanja ndiko kunakoangusha, kwa sababu mabega yanabaki ukutani huku miguu inatoroka na mteremko. Weka kiganja juu yake, usiukamate.

Wapo wanaosema ukumbi uko sitaha za chini, katikati ya meli, kwa hiyo mwendo hausikiki. Kwa tumbo ni kweli: kule chini hurushwi huku na huku kama aliye sitaha ya 15. Kwa barafu si kweli. Meli ni kitu kigumu kimoja. Ikilala digrii moja, sakafu ya chini na ya juu zimelala digrii ileile. Mapezi yaliyo ubavuni chini ya maji hupunguza sana kuyumba, lakini yanategemea maji yanayopita, na kwa omo inayopanda na kushuka hayasaidii. Halafu kuna ulalo usioyumba kabisa: upepo mkali wa ubavu, au meli inapogeuka, ambapo hulalia nje ya kona. Siku hiyo utaona watu wote wamekusanyika upande mmoja wa uwanja na hakuna aliyepanga.

Kuanguka utaanguka. Ukihisi mambo yameharibika, chuchumaa, na ulalie pembeni, paja na tako vipokee. Kidevu kifuani. Usiweke kiganja nyuma yako, maana kifundo cha mkono ndicho huvunjika kwa namna hiyo. Ukiwa chini funga ngumi mara moja, vidole vilivyotandazwa ni vya kukanyagwa na bapa za wengine. Kuinuka ni kupiga magoti, mguu mmoja uupandishe katikati ya mikono, mikono miwili juu ya goti, sukuma. Wakati huohuo kiatu kielekee wapi? Omo au tezi.

Ukienda kutazama maonyesho ya usiku, usitazame mavazi tu. Mchezaji anasubiri kitu kabla ya kuruka: sitaha inapoanza kushuka mwili huwa mwepesi, na mguu unakosa pa kusukumia. Anayejua kazi huongeza duru moja ya ziada hadi sakafu ianze kupanda. Bahari ikichafuka miruko hupunguzwa, mchezaji wa kubebwa juu ya kichwa hubaki chini, na ikizidi onyesho lote linafutwa. Abiria hulalamika, lakini uwanja wa mita 12 hauna pa kukosea.

Anayetaka pa kuanzia kabla ya safari, Dubai Mall ina uwanja wa ukubwa wa Olimpiki, na Nairobi ni Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, iliyofungua wake mwaka 2005, ndiko timu ya hoki ya Ice Lions ilikolelewa. Huko jifunze kusimama na kuanguka.

Na melini, kama ratiba ina kipindi siku ambayo meli imefunga gati, chukua hicho kiwe cha kwanza. Wengi watakuwa wameshuka kwenda kutembea, uwanja uko mtupu, na barafu siku hiyo iko karibu sawa kabisa.