Baiskeli ya trayathloni ya porini: kwa Dodoma anza na tairi

Watu mnaniuliza sana ninunue baiskeli gani ya trayathloni ya porini, ile ya kuogelea kilomita 1 mpaka 1.5, baiskeli kilomita 20 mpaka 30 af unamalizia na mbio kilomita 6 mpaka 10. Jamani kabla hujauliza ina giya ngapi uliza tairi! Huku kwetu ukiacha tu lami upande wa Ntyuka au Iyumbu unakutana na mchanga na miiba ya migunga, ile mirefu myeupe, inazama kwenye tairi kama kisu kwenye papai. Ndo maana mi nang'ang'ania tyublesi, yaani hamna tyubu, ndani unaweka gundi ya maji, ukichomwa unachomoa mwiba unazungusha ringi tundu likae chini, gundi inatoka povu kidogo inaganda, unaongeza upepo unasepa. Chukua ringi za inchi 29, tairi pana, na upepo usijaze mpaka iwe ngumu kama ya barabarani maana kwenye mchanga itakuzamisha.

Shokapu ya mbele inatosha kabisa, ya nyuma inaongeza bei na uzito na fundi wake kumpata shughuli. Breki za diski, muhimu.

Helmeti lazima, bila hiyo huruhusiwi kushindana. Miwani pia, hasa kiangazi upepo ukianza na lile vumbi jekundu. Viatu vya kubana pedali, vile vinavyonasa kwenye pedali yenyewe, kama ndo unaanza achana navyo, pedali bapa na raba zako za kukimbilia zinatosha, tena ukishuka kwenye baiskeli unakimbia moja kwa moja hubadilishi kitu.