Machi 16, Lorain

Leo sikulala. Nilitoka zamu ya usiku ghalani saa kumi na mbili asubuhi, na badala ya kurudi nyumbani nikashika barabara ya kaskazini kutoka Columbus, hapa jimboni Ohio, Marekani, mwendo wa saa mbili hivi hadi Lorain, kando ya Ziwa Erie. Sina ndugu huko. Nilimfuata marehemu ambaye sikuwahi kumwona: mwanamuziki Jason Molina, aliyefariki tarehe kama ya leo mwaka 2013 akiwa na miaka 39.

Alikulia hapa, kwenye makazi ya trela, katika mji wa viwanda vya chuma. Ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi za muziki wa kelele, na bado nacheka nikifikiria hilo, kwa sababu alichokuja kukifanya ni kinyume chake: sauti nyembamba ya kulalama, gitaa linalokokota miguu, nyimbo zilizojaa mwezi, mbwa mwitu na bundi. Kwetu bundi akilia juu ya bati, nyumba nzima inakesha. Yeye alimfanya rafiki.

Jina lake la kwanza la kazi lilikuwa Songs: Ohia. Ohia ni mti wa Hawaii, umepishana na Ohio yake kwa herufi moja tu. Watu waliita bendi, lakini bendi yenyewe ilikuwa yeye na yeyote aliyekuwepo siku hiyo. Albamu ya The Lioness, mwaka 2000, aliirekodi Glasgow na Waskoti. Didn't It Rain, mwaka 2002, aliirekodi Philadelphia, wote chumba kimoja wakipiga kwa pamoja, bila kuongeza kitu baadaye. Unamsikia akiwaelekeza wenzake katikati ya wimbo, kama mwalimu wa kwaya aliyesahau kwamba mashine inarekodi. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na najua wengi watanipinga.

Watanipinga kwa sababu ya albamu ya Magnolia Electric Co., iliyorekodiwa Chicago Julai 2002 na fundi wa studio Steve Albini, ikatoka 2003. Wimbo wa kwanza, Farewell Transmission, una zaidi ya dakika saba, na inasimuliwa kwamba waliupiga mara moja tu, wengine wakiwa hawajaufanyia mazoezi ya maana. Cha kushangaza zaidi kwangu ni kwamba kwenye albamu hiyohiyo, iliyompandisha kuliko zote, nyimbo mbili aliwapa watu wengine waimbe. Nani anaachia kipaza sauti siku yake ya harusi?

Kisha akalifanya jina la albamu kuwa jina la bendi, safari hii bendi kweli, na vijana wa Indiana, wakazunguka Marekani na Ulaya miaka kadhaa. Mashabiki bado wanabishana albamu ile ni ya mwisho ya Songs: Ohia au ya kwanza ya Magnolia. Wabishane tu.

Waliofanya naye kazi wanasimulia kwamba alikuwa akiandika nyimbo kila siku kama mtu anayeripoti kiwandani. Mimi niliyezoea kupiga kadi ya kuingia kazini hilo lilinigusa kuliko huzuni yenyewe. Na huzuni ile, niseme ukweli, kwa miaka niliisikiliza kama pambo. Ilinifaa usiku nikipanga maboksi. Sikujiuliza anayeimba anaishije.

Mwaka 2009 ziara ikafutwa. Mwaka 2011 familia yake ikatangaza kwamba amekuwa akiingia na kutoka hospitali na vituo vya kutibu uraibu, Uingereza na Marekani. Kwamba sasa yuko shambani West Virginia anafuga mbuzi na kuku. Kwamba hana bima ya afya, na mwenye uwezo achangie. Nilisoma tangazo hilo miaka mingi baadaye nikaduwaa. Mchango! Michango ya hospitali naijua; simu yangu haipiti wiki bila kundi jipya, fulani amelazwa, tuma chochote. Nilidhani ni mambo yetu wageni. Kumbe na mwenye albamu zaidi ya kumi naye anapitishiwa kopo.

Ila alipokufa, waliomjua waliutaja ugonjwa kwa jina: ulevi. Kwetu Mwanza tulikuwa na mjomba, fundi seremala hodari, mikono ya dhahabu. Alipoanguka mlangoni tulisema, "Mjomba amechoka leo." Alichoka miaka kumi na moja. Hata msibani mzungumzaji alisema presha, na sote tukaitikia.

Rafiki mmoja wa Molina aliandika kwamba siku aliyokufa, kule Indianapolis, alikuwa na simu yenye namba moja tu ndani yake, ya bibi yake.

Ziwani upepo ulikuwa mkali, sikukaa nje hata dakika tano. Nilirudi garini nikawasha joto na Farewell Transmission. Mwishoni hakuna umaliziaji uliopangwa: anawaambia wenzake wasikilize, anarudia tena na tena, na wao wanaelewa kwamba ndiyo ishara ya kunyamaza. Ngoma inaachwa, gitaa linaachwa. Mjomba naye alikuwa hivyo, akitaka tunyamaze ananyanyua randa juu, hasemi kitu.

Zamu inaanza saa kumi na mbili jioni. Nina saa chache za kulala, nikifika salama.