Namna nilivyopata nyaraka za mradi wa maji uliojengwa nusu

Kwa miaka kadhaa nililalamika kama wanavyolalamika wengi: kwamba wenye nacho wanazidi kuongezewa, na kwamba haki ni ya anayeweza kuinunua. Siku nilipomwuliza ofisa mmoja pesa zetu ziko wapi, alinijibu kwa upole kwamba zimetumika kwa maendeleo ya wananchi. Sikuweza kumlaumu sana, kwa kuwa nilikuwa nimeuliza swali linaloweza kujibiwa kwa hotuba.

Jambo lililonisukuma kubadili mwendo lilikuwa maji. Tulitangaziwa vituo 8 vya kuchotea, vikajengwa 5, na viwili kati ya hivyo vilitoa maji usiku wa manane tu. Wenye uwezo walichimba visima, wakaweka matangi na kuacha kufuatilia. Waliobaki walinunua maji kwa ndoo, na anayenunua kwa ndoo hulipia lita moja ghali kuliko aliyeunganishiwa bomba nyumbani kwake. Maskini alikuwa akilipa zaidi kwa kitu kilekile, ilhali mradi ambao ungemwondolea mzigo huo ulikuwa umekwisha kulipiwa kwa kodi, yake ikiwamo.

Nilipoanza kusoma, niliona kwamba haki ya kutafuta na kupokea habari imo katika kifungu cha 19 cha Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Kilichonifaa zaidi, hata hivyo, kilikuwa habari za vibarua na wakulima wa Rajasthan, nchini India, ambao katika miaka ya 1990 walidai orodha za malipo ya kazi za umma zisomwe hadharani, na ziliposomwa wakasikia majina ya watu waliokwisha kufa yakitajwa kuwa yamelipwa ujira. Harakati zao zilichangia kupatikana kwa sheria ya haki ya taarifa ya mwaka 2005, inayompa ofisa siku 30 za kujibu. Kwao nilijifunza kuomba karatasi badala ya kuomba maelezo.

Barua yangu ya kwanza ilipotea, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliikabidhi bila kubaki na nakala. Ya pili niliipeleka kwa nakala mbili, nikasimama mapokezi mpaka yangu ikagongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Niliomba vitu vitatu tu: mkataba wa mkandarasi, mchanganuo wa gharama na hati ya makabidhiano ya mradi, nikitaja sheria ya nchi yetu niliyoitegemea na siku ya mwisho ya kujibiwa. Niliambiwa faili liko kwa mkubwa, kisha kwamba mkubwa yuko safarini. Muda ulipopita nilikata rufaa kwa maandishi, nikiambatanisha ile nakala yenye muhuri, na baada ya takriban miezi minne nikapewa kurasa 31.

Nilizipeleka kwa jirani yangu, fundi bomba mstaafu. Alipitisha kidole kwenye mchanganuo mstari baada ya mstari, kisha akasimama. "Mwanangu, hapa pameandikwa bomba la inchi 2. Twende tukalione." Tulifukua kando ya kituo cha tatu, akafuta udongo kwa kiganja, na chapa iliyo kwenye plastiki ikasomeka wazi: inchi 1. Bomba lenye nusu ya upana, alinieleza, lina robo tu ya nafasi ya kupitisha maji. Hati ya makabidhiano nayo ilikuwa na sahihi zinazothibitisha kwamba vituo vyote 8 vimekamilika.

Vijana walitaka twende ofisini siku hiyohiyo na mabango. Niliwasihi wasubiri, kwa woga kidogo, nakiri, maana jina kwenye barua lilikuwa langu, lakini pia kwa sababu ukimwita mtu mwizi kabla ya kuonyesha hati, mjadala hugeuka kuwa kesi ya kashfa. Tuliitisha mkutano, tukawaalika maofisa kwa barua, na nikasoma mistari ile bila kuongeza neno langu. Mama mmoja aliomba hati ya makabidhiano irudiwe, polepole. Niliirudia, na ukumbi mzima ukamgeukia ofisa aliyekuja.

Kurasa zenyewe tulizibandika ukutani kwenye kila kituo. Wazo hilo nililipata kwa kusoma habari za Uganda, ambako kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi zilizotengewa, na hali ikaboreka baada ya serikali kuanza kutangaza kiasi kilichotumwa magazetini na kwenye mbao za matangazo. Wataalamu hubishana kuhusu ukubwa wa mchango wa matangazo hayo peke yake, nami nadhani wana haki ya kubishana, kwa kuwa karatasi ukutani isiyo na mtu wa kuifuatilia hulowa mvua tu.

Mkandarasi alirudi, akabadilisha bomba kuu na kujenga vituo viwili vingine. Hakuna aliyefikishwa mahakamani. Barua kuhusu kituo cha nane nimekwisha kuipeleka, nakala yake yenye muhuri iko ndani ya bahasha, na siku ya mwisho ya kujibiwa ni Jumatano ijayo.