Mshindo wa Chini

Jana usiku jirani alikuwa na harusi. Binti yangu akajilaza kifudifudi sebuleni, kiganja sakafuni, akaniambia, "Baba, ngoma inapigia huku chini." Nikaweka changu kando ya chake, na mara nikawa Kariakoo, masika yale, pamoja na Mzee, mkubwa wangu kazini, tukitafuta ubovu wa kebo ya umeme chini ya ardhi.

Kebo ilikuwa ile ya zamani ya kilovolti 11, karatasi zilizoloweshwa mafuta ndani ya ganda la madini ya risasi. Ilipiga shoti Alhamisi. Mashine ya kupimia umbali wa ubovu ikasoma mita 412 kutoka kituoni. Nikapima kwa utepe barabarani, nikaweka alama mbele ya banda la mama ntilie. Akahamisha majiko na masufuria yake, tukachimba mpaka saa tisa. Kebo ikatoka nzima.

Mashine haikukosea. Ilipima urefu wa kebo, na kebo hujikunja penye jointi, pale vipande vinapoungwa, huzunguka misingi ya nyumba. Mimi niliinyoosha kichwani mwangu.

Mzee hakunigombeza. Alingoja usiku uingie. "Mwanangu, sasa tuisikilize."

Mashine ya pili hujaza umeme, kisha huuachia ndani ya kebo kwa mkupuo kila baada ya sekunde chache. Penye ubovu cheche huruka, ardhi ikapiga mshindo. Lakini mtaa mzima ulikuwa unanguruma jenereta. Mzee akapita mlango kwa mlango, kofia mkononi: "Ndugu zangu, naomba dakika kumi tu." Zikazimwa moja moja. Mwenye bucha, friji lake limejaa nyama, alitutazama kwa muda mrefu. Naye akazima.

Sijapata kuisikia Kariakoo imenyamaza vile. Watu walisimama barazani bila kukohoa. Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati. Nilivaa hedifoni, nikasogeza kinasa sauti hatua kwa hatua, nikirudi upande wa kituoni. Sindano ya kipimo huruka kwanza, maana sumaku ya ule mkupuo haingoji; mshindo hufuata nyuma. Ukikaribia, pengo kati yao hupungua. Likapungua, likapungua, mpaka sindano na mshindo vikaja karibu pamoja. Nikavua hedifoni, nikapiga magoti, nikalaza kiganja kwenye lami iliyolowa.

Ardhi ikanigonga. Nikangoja. Ikanigonga tena.

Mzee akaweka chake kando ya changu, akafumba macho. "Hapa."

Ilikuwa mita 19 kutoka kwenye shimo langu. Tulikuta jointi, risasi imepasuka, maji yameingia, karatasi zimekuwa nyeusi. Alfajiri taa ziliwaka, watu wakapiga vigelegele.

Shimo la kwanza tulilifukia haraka haraka. Wiki iliyofuata nilipita: udongo umetitia, maji yamejaa, banda halipo. Niliuliza majirani wawili, kila mmoja akanielekeza upande wake. Sikumpata yule mama. Mzee naye hayupo tena wa kuniambia kama alimwona.

"Baba, ngoma imekwisha," binti yangu akasema. "Toa mkono."