Hawa watoto wanaongea: muhula wangu wa Kiingereza Auckland Kusini

Siku ya kwanza nilianza kwa kuita majina. Nimefundisha Kiingereza Tanga miaka tisa kabla ya kuhamia New Zealand, na najua mwanafunzi humpima mwalimu kwa namna anavyolitamka jina lake. Daftari la mahudhurio lilikuwa na majina 27. Zaidi ya nusu yalikuwa ya Kisamoa, yaliyobaki ya Kitonga, na machache ya Niue na Visiwa vya Cook.

Wiki moja kabla nilikuwa nimemwomba mama mmoja Msamoa, jirani yetu, anifundishe herufi zao. Ndipo nikagundua kitu kilichonipa moyo: g ya Kisamoa ni ng' yetu, ile ile ya ng'ombe. Pago Pago, mji wa Samoa ya Marekani, wenyewe hutamka Pang'o Pang'o. Vokali ni tano zile zile tulizozizoea na kila silabi huishia na vokali. Kwa hiyo majina yaliyowatoa jasho walimu wenzangu mimi niliyasoma kama ninayeita darasa la Pongwe, kule Tanga. Nilipofika katikati ya orodha, vichwa vya nyuma vikaanza kuinuka. Msichana mmoja akauliza, "Miss, umejuaje?" Nikamwambia kwetu sauti hiyo tunayo, nikawafundisha kusema ng'ombe. Darasa zima likasema vizuri, mara ya kwanza tu.

Huo ulikuwa muhula wa kwanza wa 2024, kuanzia mwanzoni mwa Februari hadi katikati ya Aprili. Darasa lilikuwa la mwaka wa 12, vijana wa miaka 16 na 17. Nilipewa kitengo cha utamaduni wa Pasifiki ndani ya somo la Kiingereza, na mwisho wake kila mwanafunzi atoe hotuba ya Kiingereza itakayosahihishwa kwa krediti 3 za NCEA, cheti chao cha sekondari. Mwalimu mmoja alinitahadharisha mapema: "Watoto wazuri hawa, ila hawaongei."

Wiki mbili za mwanzo nilidhani amesema kweli. Nikiuliza swali, macho chini. Nikimwita mtu kwa jina, ananyanyua nyusi kisha kimya. Nilimrudia kijana mmoja swali lile lile mara tatu, naye kila mara ananyanyua nyusi tu, mpaka mwenzake akamhurumia: "Miss, ameshakujibu. Amesema ndiyo." Kunyanyua nyusi ndiyo "ndiyo" yao. Na kuangusha macho mbele ya mkubwa ni adabu, kama tulivyolelewa wengi wetu. Mimi mwenyewe nilikatazwa na bibi yangu kumkodolea macho mtu mzima. Lakini baada ya miaka kadhaa ya kuishi ugenini nilikuwa nimeanza kumpima mtoto kwa macho yake, kama wanavyofanya wenyeji wa hapa. Siku ile nilirudi nyumbani na huzuni.

Kosa kubwa zaidi nililifanya wiki ya tatu. Nilileta shairi la mapenzi, lisilo na matusi wala uchafu wowote, nikawapanga wawili wawili walisome kwa sauti. Mvulana na msichana wa Kitonga nikawaweka pamoja kwa sababu waliketi karibu na mlango. Msichana akaanza mstari wa kwanza, akanyamaza. Mvulana akainuka, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, hakurudi hadi kengele. Baada ya kipindi msichana alibaki akiokota kalamu zake moja moja. Akaniambia, karibu kwa kunong'ona, "Yule ni kaka yangu." Baba zao ni ndugu. Kwa Kitonga, mtoto wa baba mdogo ni kaka yako kamili, hakuna binamu hapo, na kati ya kaka na dada kuna heshima nzito: katika familia nyingi hawakai chumba kimoja kutazama filamu, na mambo ya mapenzi hayatajwi mmoja akiwapo. Wasamoa nao wana lao linalofanana na hilo. Nami nilikuwa nimewalazimisha wasomeane. Niliwaomba radhi kila mmoja peke yake. Tangu siku hiyo wanafunzi wakajipanga wenyewe, na kila andiko nililoleta lilipitia kwa jirani yangu kwanza.

Kilichofungua mlango kilikuja kwa bahati. Msichana mmoja aliniandikia asante kwenye kona ya daftari: fa'afetai. Lakini nilikuwa nimewasikia uwanjani wakisema fa'afekai. Nikauliza ipi ni sahihi. Darasa likalipuka, kila mtu ana la kueleza! Kumbe Kisamoa kina namna mbili za kusema. Iko ya t, ya kanisani, ya kitabuni, ya kuongea na mchungaji na mgeni. Huitwa tautala lelei, usemi mzuri. Na iko ya k, ya nyumbani na ya kijiweni, tautala leaga. Ukitoka moja kwenda nyingine, t inageuka k, n inageuka ile ng' yao. Manaia, yaani nzuri, nyumbani inakuwa mang'aia. Na hawakosei kamwe. Mtoto wa miaka sita anajua lini abadili.

Nilisimama pale na chaki mkononi nikiwaza: mwaka mzima mtu anawaambia watoto hawa kwamba hawajui kutofautisha Kiingereza cha rasmi na cha mtaani, na kumbe rejesta, yaani kubadili usemi kulingana na unayeongea naye, wanaijua kuliko wengi wetu. Hawakuwa wameambiwa tu kwamba ni jambo lile lile. Nikachora mstari katikati ya ubao. Upande huu k, upande ule t. Nikawaambia kwetu pia mtu husema "mambo vipi" kwa rafiki na "shikamoo" kwa mkubwa, na atakayechanganya ataonekana hakulelewa. Kisha tukachukua sentensi zao za Kiingereza, moja moja, tukauliza: hii ni k au t? Kuanzia hapo sikusahihisha tena kwa kuandika "si rasmi" pembeni ya insha. Niliandika k tu, nao wakajua la kufanya. Shikamoo nayo ikabaki, wakawa wananiamkia nayo mlangoni kila asubuhi.

Historia ilituunganisha kuliko nilivyotegemea. Samoa ya Magharibi, ambayo leo huitwa Samoa tu, ilikuwa koloni la Wajerumani tangu 1900, wakati ambapo sisi pia tulikuwa chini ya bendera hiyo hiyo. Askari wa New Zealand waliiteka Agosti 1914. Samoa ikapata uhuru Januari 1, 1962. Tanganyika, Desemba 9, 1961. Mvulana mmoja alihesabu vidole vyake akasema, "Siku 23, Miss. Nyinyi wakubwa zetu." Nikawaambia hata neno letu shule tulilipata kwa Mjerumani. Na siku hiyo nikajifunza kwamba kwao tusi ni kitabu, na pia ni kuandika. Tusitala, mwandishi wa hadithi, ndilo jina walilompa Robert Louis Stevenson, aliyefia Samoa 1894. Niliwaeleza maana ya tusi kwa Kiswahili, wakacheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta.

Machi ikaja na Polyfest, tamasha la shule za sekondari lililoanza 1976 huko Ōtara na sasa hufanyika Manukau. Mazoezi ni kila jioni, na wiki yenyewe nusu ya darasa haipo, nusu nyingine inasinzia. Najua walimu wanaolalamika. Mimi nilisogeza tarehe za kazi mbele, nikaenda kutazama, na sijutii. Yule kijana wa nyusi nilimkuta safu ya pili ya ngoma ya kuketi ya Kisamoa iitwayo "sasa", mikono mia ikipiga mapaja na hewa kwa pigo moja. Aliposhuka jukwaani, jasho linamtoka, akanifafanulia ishara moja moja: huku ni kuvua samaki, huku ni kukuna nazi. Wao nao hukalia kibao chenye meno kama mbuzi yetu, tui wanalikamua kwa nyuzi za mti kama sisi tunavyotumia kifumbu. Aliongea dakika kumi mfululizo, kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo hotuba yako." Akanyanyua nyusi.

Palibaki ugomvi mmoja, wa mwanzo wa hotuba. Vitabu vya Kiingereza vinataka uanze kwa kumnasa msikilizaji, sentensi ya kwanza imshtue. Lakini hawa wamekulia wakimsikiliza tulafale, msemaji wa ukoo, akisimama na fimbo ndefu mkononi na usinga begani (niliwaeleza Mzee Kenyatta na usinga wake, wakamwelewa mara moja). Tulafale hawezi kufungua mdomo bila kuwatambua waliopo kwa vyeo vyao. Mwenzangu mmoja aliona salamu hizo zinapoteza muda wa mtahiniwa. Mimi nilizitetea. Anayesahihisha anatazama mawazo yaliyokuzwa, lugha na uwasilishaji. Hakuna aliposema heshima ikatwe. Tukakubaliana sentensi mbili za kuwatambua waliopo, halafu moja kwa moja kwenye jambo. Tofauti ilionekana siku ya kwanza ya mazoezi. Mtoto aliyekuwa akitetemeka, akishaitambua hadhira yake, mabega yanashuka, sauti inatoka tumboni.

Wengi walichagua misako ya alfajiri, ya miaka ya 1974 hadi 1976, polisi walipokuwa wakigonga nyumba za watu wa visiwani kabla hakujapambazuka kutafuta waliopitiliza viza. Walikwenda kuwauliza bibi zao. Mmoja alieleza ifoga, desturi ya mkosaji kujifunika mkeka wa thamani akingoja asamehewe, na jinsi Waziri Mkuu Jacinda Ardern alivyofunikwa mkeka huo ukumbini Auckland Agosti 1, 2021, alipoomba radhi kwa niaba ya serikali. Alipofika hapo alisimama kimya kitambo. Sikumkatia alama.

Wiki ya mwisho walibaki wawili. Mmoja alikuwa mgonjwa. Mwingine ni yule msichana wa Kitonga. Hotuba yake ilikuwa juu ya heshima kati ya kaka na dada, na hakuweza kuitoa kaka yake akiwa darasani. Sheria inaruhusu hadhira ndogo, basi nikamwambia aje saa mbili kasorobo asubuhi, kabla ya kengele, na amlete amtakaye. Alikuja na nyanya yake, ambaye nilimpa kiti changu. Nikawasha kamera. Alizungumza dakika nne, ta'ovala ya mkeka kiunoni, hakutazama karatasi hata mara moja.

Nilipokwenda kufungua mlango nilimkuta kaka yake kwenye korido. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, mgongo ameupa mlango, akiwarudisha wanafunzi waliotaka kupita ili wasipige kelele.